Uzi wa Kofia ya Mteja

Dada zetu wengi wa Lamu na Mombasa hushona kofia za viua majumbani mwao, baina ya sala na shughuli za jikoni, na kofia moja huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana twasisitiza shauri la nakshi na uzi limalizwe kabla ya tundu la kwanza kutobolewa. Kiua hakifutiki, ukikifumua, kitambaa hubaki na alama.

Mteja akisema "uzi mweupe", usiridhike upesi. Kuna weupe wa chaki na weupe wa maziwa. Mtandazie nyuzi juu ya kitambaa chenyewe, mlangoni penye mwanga wa mchana, kwani taa hugeuza rangi. Kisha muulize kanzu atakayoivalia. Kanzu nyeupe hupokea takriban kila uzi. Kwa kanzu ya rangi ya maziwa, sisi twapendelea kahawia hafifu. Uzi wa rangi uoshwe kwanza pamoja na kipande cha kitambaa. Ukichuja, haufai, uwe mzuri namna gani.

Nakshi nayo ina thamani yake: viua vidogo vilivyosongamana hula macho na siku nyingi zaidi, na mteja ayajue hayo mapema.

Tumeshuhudia kofia zikirudishwa siku chache kabla ya Idi, eti rangi siyo, na jasho la mama likapotea. Basi bandika kipande cha uzi uliochaguliwa kwenye karatasi, uandike bei na kipimo cha kichwa, nyote wawili mtie sahihi. Hata akiwa ni mtoto wa ami yako.