Bei ya Mashua Kuukuu

Hapa Makanyagio hatuna ziwa. Walakini wapo wengi wetu, wenye maduka na hata walimu, wanunuao mashua kuukuu huko Karema na Ikola, wakaziacha mikononi mwa wavuvi wa dagaa na migebuka, wao wakingoja faida mjini. Na kila arudiye kutoka huko hujisifu barazani: “Alitaja bei yake, nikaikata nusu!” Wasikilizaji humwita mwerevu. Mimi nasema ni upofu, na mara nyingine ni dhuluma.

Mtazameni mnunuzi huyo. Hajui mkuku wala taruma. Hakuipindua mashua atazame tumbo lake. Hakuchoma mbao kwa ncha ya kisu aone kama rangi mpya imefunika uozo. Hakuuliza kalafati ilitiwa lini. Alilojua ni kusema “ghali, ghali”, na kuitukana mali ya mwenziwe mbele ya watu. Basi muuzaji naye, kwa kuijua desturi hiyo, huanza kwa kutaja bei maradufu. Wawili hushindana kutwa kwa maneno, na mashua yenyewe, ambayo ndiyo ingewaamua, imelala mchangani haijaulizwa neno.

Nitajibiwa, “Bei ni maelewano.” Naam, lakini maelewano juu ya nini? Mbao mbili zikiwa zimeoza, zihesabiwe: mbao mpya, misumari, pamba, na ujira wa fundi. Jumla hiyo itolewe katika bei. Punguzo la namna hii muuzaji huliona kwa macho yake, hulikubali bila kuona haya. Wasipopatana bado, na wachague fundi mmoja asiyeuza wala kununua, wamlipe wote wawili, na alitajalo liwe ndilo. Wala si mashauri yangu tu: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yawaruhusu watu kumwachia mtu wa tatu akadirie bei. Dalali lakini hafai kuwa fundi huyo, maana chakula chake kimo katika kuuzwa kwa mashua, iwe nzima au mbovu.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti. Siku chache kabla yake, mjane mmoja alikuwa akiuza mashua ya marehemu mumewe. Mtu wa mji wetu akapatana naye bei, akatoa arbuni. Mwezi wa Juni akarudi na fedha pungufu kwa theluthi, akasema, “Ziwa limefungwa, nani mwingine atakununulia?” Mama yule alikuwa na watoto wa shule, akapokea. Sasa, kufungwa kwa ziwa kulikuwa kumetangazwa mapema, na mnunuzi alikujua siku ile ya kupatana. Mashua haikuharibika tangu hapo. Kilichopungua ni nguvu za mwenye kuuza, na hiyo ndiyo aliyoikatia bei.

Najua wapo wauzaji waongo. Mwenye kugundua kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudi na kuionyesha, au kudai arbuni yake. Lakini na aionyeshe. Nilimwuliza bwana yule ile theluthi aliikata kwa ubao upi. Akanikumbusha kwamba mimi ni mwalimu, sijui biashara, akaendelea kunywa chai yake.