Roho nzuri haipimwi kwa kabila lako

Juzi nikiwa kwenye matatu ya Kericho kwenda Bomet, simu ya jamaa aliyeketi kando yangu ililia. Ni kikundi cha WhatsApp: mtoto wa jirani amelazwa, pesa zinachangwa. Akaangalia majina ya waliokwisha kutuma, akacheka. "Hawa wa kabila lile huwaoni hapa. Hiyo roho ngumu wanazaliwa nayo. Iko kwa damu."

Hakuna aliyempinga. Hata mimi nilinyamaza, na ndiyo maana ninakuandikia.

Sasa sikiliza, kwa sababu siku hizi maneno kama hayo yanavishwa koti la sayansi. Ni kweli jeni zina sehemu yake. Mwaka wa 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 46,000 waliojaza maswali kuhusu jinsi wanavyohisi hali za wengine, kisha wakatoa mate ili jeni zao zipimwe. Tofauti za jeni zilieleza karibu asilimia 10 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Wanawake kwa wastani walipata alama za juu kuliko wanaume, lakini watafiti hawakuona kwamba jeni ndizo zilizoleta pengo hilo. Kwa hivyo wewe barobaro unayesema "mimi ni mwanaume, sijui kubembeleza", tafuta kisingizio kingine.

Halafu waliopimwa wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Hakuna Mkipsigis, Mkisii wala Mjaluo aliyetema mate kwenye kile kichupa ili tulinganishwe. Na kujaza fomu kwamba una huruma si sawa na kuamka usiku kumpeleka mgonjwa wa jirani hospitali.

Wewe uliyelelewa kwenye majani chai unalijua hili bila Cambridge. Chukua TRFK 6/8, ile aina iliyojaa kwenye mashamba madogo. Miche yake hukatwa kutoka kwa mmea mmoja, kwa hivyo jeni ni zile zile. Panda shamba moja juu penye mvua, uweke mbolea na kuchuma kwa wakati, majani mawili na chipukizi. Panda lingine ulitelekeze. Rudi baada ya miaka mitano uniambie kama mavuno ni sawa. (Na bonasi yetu bado ni ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.)

Ukitaka jambo ambalo kweli liko kwa damu, ni kundi la damu. Hilo unalirithi kwa wazazi, huna la kufanya. Lakini A, B, AB na O ziko Kericho, ziko Kisii, ziko Siaya. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo pale Londiani Junction na kuua watu 52, miongoni mwao wachuuzi na abiria, majeruhi wa kuongezwa damu alihitaji kundi linalooana na lake. Jina la ukoo wa aliyetoa halingemsaidia kitu.

Mbona nalifanya kubwa neno la mtu mmoja kwenye matatu? Kwa sababu mapema 2008, baada ya uchaguzi, wachumaji chai walifukuzwa katika makambi ya mashamba makubwa hapa kwetu kwa sababu ya kabila, na mpaka wa Sotik na Borabu ukawaka moto. Ukishaamini kwamba jirani amezaliwa bila huruma, hutaona haja ya kumwonea huruma nyumba yake ikiungua. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na wewe ndiye utakayetafutwa. Wazee hawabebi mawe.

Nilipokuwa karibu kushuka Litein nilimuuliza yule jamaa kama hao majirani wamewahi kuingizwa kwenye kikundi. Akafungua simu, akapandisha orodha, akaishusha. Hawakuwemo. Hakuna aliyewahi kuwaongeza.