Nani Anafaidika na Mtoto Asiyejua?

"Usimfumbue macho mtoto." Ndivyo anavyokatazwa mzazi anayetaka kumweleza mwanawe wa miaka mitano kwamba sehemu zake za siri hazichezewi na mtu. Eti atajua mambo mapema, ataharibika. Hoja hii imezeeka bila kupata akili.

Anayemfumbua macho mtoto ni yule anayemshika, na huyo hasubiri umri. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulikuta kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Naam, wavulana, wale tunaowalaza chumba kimoja na mgeni yeyote kwa kuwa "wa kiume hana neno".

Wengine husema si mila zetu. Mila zipi? Pwani, msichana alikuwa na somo wake, aliyemweleza habari za mwili waziwazi kuliko mwalimu yeyote wa shule. Kasoro ni kwamba alingoja mwali avunje ungo.

Sheria imetutangulia. Mahakama za Tanzania zinaweza kumtia mtu hatiani kwa kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, zikiridhika kwamba anasema kweli. Tangu 2016 mtoto mdogo hahitaji hata kuapa. Anaahidi tu kusema kweli. Lakini tuliyemnyima maneno atasimama pale na kusema "alinifanyia tabia mbaya", na wakili wa utetezi atapata pa kuingilia.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji kikao. Unamwogesha, unamwambia: hapa pako, asipashike mjomba, wala ustadhi, wala mchungaji. Akikwambia mtu "usimwambie mama", hilo ndilo la kuja kuniambia. Na siku akikataa kupakatwa na mgeni, usimlazimishe mbele za watu kwa jina la adabu. Shikamoo inatosha.

Akisema jambo, usianze na "acha uongo". Wala usiite wazee wa ukoo waje kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi na soda. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116; simu hiyo ni bure.