Spana malaya haina kosa

Msinilaumu kwa kichwa cha habari, jina hilo sikulitunga mimi. Nenda Gerezani au Kariakoo, ingia duka la vifaa vya ufundi, sema unataka spana malaya. Muuzaji hatashtuka, hata akiwa mzee wa swala tano. Atakuuliza tu unataka ya inchi nane, kumi au kumi na mbili (huo ni urefu wa spana yenyewe, si upana wa mdomo, wengi hatulijui hilo hadi tufike nyumbani). Ni ile spana yenye taya moja linalotembea. Unazungusha kiskrubu kwa kidole gumba, mdomo unapanuka au unajifunga mpaka unaipata nati. Nati yoyote ile. Ndiyo maana ikapewa jina hilo: haichagui.

Mimi nina ugomvi na jina hilo, na ugomvi wenyewe si wa adabu peke yake. Adabu nayo imo, nitaifikia. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jina linatufanya tumlaumu asiyehusika. Nati ikiliwa kona ikabaki duara kama kifungo cha shati, utasikia: "Si ndiyo kazi ya spana malaya!" Yaani kosa lake ni kukubali nati zote. Nasema hapana. Kukubali nati zote ndiyo akili yake. Kosa liko kwingine, na kwa kuwa hatulitafuti huko liliko, tunaendelea kununua vyuma vibovu na vijana wa gereji wanaendelea kuchubuka vidole.

Hebu tuangalie nati zetu kwanza. Magari yetu mengi yametoka Japani, na Mjapani anapenda nati za milimita 10, 12, 14 na 17. Likija gari la Mzungu wa Ulaya unakutana na 13, ambayo Mjapani haitumii sana. Ikija Land Rover ya zamani, hapo umeingia kwenye inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Fundi mwenye spana namba 13 anaivisha pale, inaingia vizuri kabisa, anafurahi. Lakini ile nafasi ya milimita 0.3 iliyobaki ndiyo inayokula kona za nati. Cha ajabu, robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana namba 19 inaishika bila matatizo makubwa. Sasa kijana wa miaka kumi na nane aliyeanza kazi juzi atajuaje kwamba 19 inakubali na 13 haikubali?

Kwenye maji ndiyo balaa zaidi. Bomba la chuma tunaloliita la nusu inchi, lipime kwa nje kwa rula. Utapata kama milimita 21! Hakuna nusu inchi yoyote pale nje, hilo ni jina tu lililorithiwa kwa Waingereza pamoja na nyuzi za skrubu zake, ambazo asili yake ni kipimo alichokipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Kwa hiyo kwenye nyumba moja ya Sinza au Mbagala una nati za milimita kwenye pampu, inchi za Whitworth kwenye bomba, na koki iliyotoka kiwanda ambacho hakikumsikiliza yeyote. Kununua seti kamili za spana za aina zote hizo ni mtaji wa duka. Spana moja inayojirekebisha ni jibu la mtu mwenye akili timamu.

Na ndivyo ilivyozaliwa. Si kwa uvivu, ni kwa vurugu hizo hizo. Waingereza na Wamarekani walikuwa na spana za kurekebisha tangu miaka ya 1840. Mmarekani Loring Coes wa Worcester, Massachusetts, alipata hati ya uvumbuzi ya spana yake ya skrubu mwaka 1841. Lakini hii tuliyo nayo mkononi inafuata umbo la Mswidi mmoja, Johan Petter Johansson, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufungua karakana yake katika mji mdogo wa Enköping mwaka 1886. Nati za wakati ule zilikuwa kila moja na saizi yake, na fundi alilazimika kuwa na mzigo wa spana, nyingine akizifua mwenyewe kwa ajili ya nati moja tu. Johansson alianza na kifaa cha kushikia mabomba mwaka 1888, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaja na spana yenyewe. Ilienea dunia nzima kwa jina la Bahco, lililotokana na herufi za mfanyabiashara aliyeiuza, B.A. Hjort. Alipofariki mwaka 1943 alikuwa na hati za uvumbuzi zaidi ya mia moja. Spana yake ya zaidi ya karne moja iliyopita ukimpa fundi wa leo hahitaji maelezo.

Uzuri wake uko wapi? Taya la juu limefuliwa pamoja na mpini, ni chuma kimoja. Taya la chini linateleza kwenye mfereji, na mgongoni mwake lina meno yanayokamatana na kile kiskrubu cha kidole gumba. Kiskrubu kinaweza kulisukuma taya, lakini taya haliwezi kukizungusha kiskrubu. Ndiyo maana ukikaza kwa nguvu mdomo haufunguki wenyewe. Halafu angalia kichwa: hakikukaa sawa na mpini, kimeinama. Kwenye spana iliyoinama nyuzi 15, ukifika mahali pabanifu unaigeuza chini juu na kupata mshiko mpya kila baada ya nyuzi 30 badala ya 60. Aliyewahi kulala chini ya sinki la jikoni anajua nyuzi 30 zina thamani gani.

Udhaifu wake upo na sitauficha. Kitu kinachoteleza lazima kiwe na nafasi ya kuteleza, na hiyo nafasi mafundi wanaiita "kucheza". Taya likicheza, kona za nati zinaliwa. Ndiyo maana watengenezaji wanaelekeza mambo mawili: kaza kiskrubu mpaka mdomo uikumbatie nati kabisa, na uvute mpini kuelekea upande lilipo taya linalotembea, ili mzigo mkubwa ubebwe na lile taya lililo chuma kimoja na mpini. Tena uvute, usisukume, maana ikiteleza ukiwa unasukuma ngumi yako ndiyo inayokwenda kugonga chuma. Mambo hayo hayachukui dakika tano kumfundisha mtu. Nilipita gereji kadhaa kuuliza, wengi walinijibu kwamba spana haina juu wala chini.

Sasa mwangalie ndugu yake, paipu renchi, ile nyekundu nzito ya mafundi bomba. Asili yake ni Daniel Stillson, fundi wa kampuni ya Walworth huko Massachusetts, aliyepata hati yake tarehe 12 Oktoba 1869. Inasimuliwa kwamba wakubwa wake walimwambia aijaribu: ama bomba likatike, ama kifaa kivunjike. Likakatika bomba. Ukiishika paipu renchi nzima na mpya utadhani imeharibika, maana taya lake la juu linalegalega. Si ubovu! Bomba ni duara, halina kona ya kushikwa. Stillson aliliacha taya licheze makusudi ili ukivuta mpini liiname, lile meno bombani, na kadiri unavyozidi kuvuta ndivyo linavyozidi kubana. Ukirudisha nyuma linaachia, hivyo huna haja ya kuitoa na kuirudisha. Jambo lile lile, kucheza kwa taya, kwenye spana ya nati ni ugonjwa na kwenye renchi ya bomba ndiyo injini.

Ndiyo maana roho inaniuma nikiona paipu renchi imekamatishwa nati ya shaba. Meno yale hayajui huruma, nati inatoka imetafunwa. Nati ya mita ya maji kwenye nyumba ninayopanga imefanyiwa hivyo mara mbili. Sasa inavuja, na bili ya yale matone tunagawana wapangaji wanne, mwenye nyumba hayumo.

Lakini si fundi ninayetaka kumsulubu. Nataka kuzungumzia vyuma vinavyouzwa. Pale madukani zimepangwa spana mbili za inchi kumi zinazofanana kama mapacha. Zote zinang'aa. Moja ni ya chuma kilichofuliwa na kupikwa kikawa kigumu. Nyingine ni chuma laini kilichopakwa rangi ya kung'aa, na bei yake ni ndogo mno. Aliyeiga ameiga umbo la Johansson, hakuiga kazi. Ukiitumia wiki moja, mdomo unaanza kupanuka kama wa samaki, kiskrubu kinazunguka bure, na taya linacheza kupita kiasi. Hapo fundi anafanya wanachofanya mafundi wote, anachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili apate nguvu zaidi. Urefu wa mpini uliwekwa ulingane na uwezo wa taya. Ukiuongeza mara mbili, umeongeza mara mbili nguvu inayokwenda kwenye taya ambalo lilishashindwa na ile ya kwanza.

Fundi mmoja wa Gerezani alinionesha kovu kwenye kiganja kutokana na kisa cha namna hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakununua iliyo nzuri. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma chuo kikuu. "Mdogo wangu, mteja ananipa hela ya kazi moja. Spana nzuri ni hela ya kazi saba." Sikuwa na jibu, na sidhani kama wewe unalo. Mteja ni mimi na wewe, tunaobishana na fundi mpaka shilingi mia ya mwisho halafu tunashangaa nati imeliwa.

Angalau tuwe tunajua kuchagua. Ukiwa dukani funga mdomo wa spana mpaka mataya yagusane, uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipita umbo la kabari, juu mwembamba na chini mpana au kinyume chake, irudishe. Kisha ufungue nusu, ulishike taya linalotembea na ulitikise. Kucheza kidogo ni kawaida. Likigonga huku na huku kama jino la mtoto wa miaka sita, mshukuru muuzaji uondoke.

Nilisema nitafika kwenye adabu. Jina la kifaa hiki limekuwa taabu kila mahali. Wafaransa na Waitaliano wanakiita ufunguo wa Kiingereza. Wapolandi wanakiita ufunguo wa Kifaransa. Wadenmark wanasema ni wa Kiswidi, na hao ndio walio karibu na haki. Kila mtu amemtupia jirani. Sisi tukawatupia wanawake.

Kwa Kiingereza spana ya aina hii ya zamani inaitwa ya nyani, na kwenye intaneti kuna hadithi inayozunguka miaka nenda rudi kwamba jina hilo ni matusi aliyotukanwa Jack Johnson, bondia wa kwanza mweusi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwaka 1908. Hadithi hiyo si kweli, msiisambaze. Jina lilikuwepo kabla Johnson hajazaliwa mwaka 1878. Kilicho kweli ni kwamba alipata hati ya uvumbuzi ya spana tarehe 18 Aprili 1922, na ombi la hati hiyo alilipeleka akiwa mfungwa. Alifungwa kwa sheria ya mwaka 1910 iliyosemekana kupambana na biashara ya ukahaba, kosa lake hasa likiwa kutembea na wanawake wa Kizungu. Msamaha wa rais aliupata mwaka 2018, miaka 72 baada ya kufa. Kwa hiyo hata huko, neno hilo hilo la aibu lilimwangukia asiyestahili.

Kuna watakaosema nakuza mambo, kwamba ni jina tu na mafundi hawamaanishi kitu. Huenda. Yule fundi wa Gerezani mwenye kovu ana wanagenzi watatu, na mmoja ni binti. Nilikaa pale karibu saa mbili, na kila alipoihitaji spana ile alisema "nileteeni ya kuzungusha". Nikamuuliza mbona halitumii jina lake la sokoni. Akajifuta mikono kwanza. Akasema baba wa yule binti alimleta pale mwenyewe, kwa mkono wake, akamwambia mwanangu huyu nakukabidhi. "Sasa nitalitamkaje, na yeye ndiye ninayemtuma?"