Maua ya marigodi hayachukui nafasi ya chandarua



Hapa kwetu Ibighi mvua si haba, na ua lolote ukilichomeka ardhini hushika. Ndiyo maana kaya nyingi zina maua ya marigodi uani: yale ya njano au rangi ya machungwa ambayo majani yake, ukiyafikicha, hutoa harufu kali. Tunayakata kupamba altare na makaburi ya wapendwa wetu. Mimi nasema tuyapande kwa wingi zaidi, lakini tujue kazi yake ni ipi na ipi siyo yake.

Waingereza huita aina moja "ya Afrika", ingawa asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Ndugu yake ni lile gugu refu la mashambani ambalo wengi huliita bangi mwitu. Gugu hilo si bangi, bali ni la ukoo mmoja na marigodi.

Kazi yake ya kwanza ni bustanini. Mizizi yake ina kemikali ziitwazo thiofeni, zinazodhuru minyoo fundo. Minyoo hao ni wadogo mno, hatuwaoni kwa macho. Huingia katika mizizi ya nyanya na kuifanya ivimbe mafundo, na mmea hudumaa hata kama mvua ni nzuri. Mwaka mmoja mimi nilipanda mistari miwili tu ya marigodi kati ya nyanya, nikakaa kusubiri muujiza. Nilipong'oa nyanya, mafundo yalikuwa yamejaa. Kosa lilikuwa langu. Dawa hii hufanya kazi kama maua yamefunika eneo zima kwa miezi miwili au mitatu, kabla ya kupanda mboga. Panda karibu karibu, palilia, kisha yakate kabla hayajamwaga mbegu na uyafukie. Hapo ndipo upande nyanya. Hata hivyo, si kila aina ya minyoo itakufa.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Wapo wazazi wanaosema: "Sisi tumezungusha maua dirishani, mbu hawaji, chandarua cha nini?" Jamani, tusidanganyane! Mafuta yaliyokamuliwa katika mimea ya jamii hii yanaweza kufukuza mbu kwa muda, lakini ua lililosimama kwenye kopo halimlindi mtoto aliyelala. Na kopo hilo likituamisha maji, mbu wenyewe watazaliana humo. Tusijidanganye pia kwamba baridi ya Tukuyu inatosha. Watu wa milimani wana kinga ndogo ya malaria, na wengi wetu tuna ndugu Kyela tunaowatembelea. Mtoto akirudi na homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Kumwogesha maji ya majani ni kupoteza saa ambazo huenda zingeokoa uhai wake.

Jambo jingine ni vidonda. Kuna ua liitwalo kalendula, ambalo hutiwa katika baadhi ya marhamu za ngozi. Kwa Kiingereza nalo huitwa kwa jina lile lile la marigodi, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Hili letu lenye harufu kali ni jingine. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, hasa wakipigwa na jua. Usimpake mtoto, wala usiutie machoni. Nawe ukimaliza kuyakata maua, nawa mikono kwa sabuni.

Basi, akina mama na akina baba, msimu huu tengeni tuta moja la marigodi, mwakani lipandwe nyanya. Watoto wapewe kazi ya kukusanya mbegu kutoka kwenye maua machache yaliyokauka. Na jioni, kabla ya kuzima taa, mzazi achungulie kitandani: je, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro?