Tamko kuhusu nidhamu na likizo za maofisa katika jeshi la mapinduzi la Marekani

Sisi walimu wa historia, tukiwa katika mkutano wetu mkuu, na kwa kuzingatia maadhimisho ya miaka 250 tangu makoloni 13 ya Marekani yatangaze uhuru tarehe 4 Julai 1776, tunatamka kwamba vita ya kupigania uhuru huo ifundishwe pamoja na habari za ruhusa: nani aliruhusiwa kwenda nyumbani, na nani aliadhibiwa kwa kwenda.

Kanuni za kijeshi za 1775 ziliweka ukomo wa viboko 39. Mwaka uliofuata Bunge la makoloni liliupandisha hadi 100, na aliyetoroka aliweza hata kuhukumiwa kifo. Ofisa alikuwa na njia nyingine: aliomba likizo, na akichoka alijiuzulu. Majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778, maradhi yakiua askari wapatao 2,000 wa kambi ya Valley Forge, Jenerali George Washington alilalamika kwamba maofisa kati ya 200 na 300 walikwisha kuacha kazi. Hatuwabezi. Fedha ya karatasi ilishuka thamani kila kukicha na familia zao zilikuwa taabani. Lakini askari wa kawaida naye alikuwa na familia, na fedha yake ilikuwa ileile.

Wala likizo yenyewe si kosa. Ofisa Mfaransa Lafayette aliomba ruhusa akaenda Ufaransa mapema 1779, akarudi 1780 na habari kwamba askari zaidi ya 5,000 wa Kifaransa wako njiani. Washington kwa upande wake hakukanyaga kwake Mount Vernon tangu Mei 1775 hadi Septemba 1781.

Tunawaomba waandishi wa vitabu vya kiada wampe nafasi zaidi Friedrich von Steuben, ofisa kutoka Prussia aliyelifundisha jeshi hilo. Alipofika Valley Forge Februari 1778 aliwakuta maofisa wakiwaachia masajini kazi ya gwaride. Akashika bunduki mwenyewe, akafundisha kikosi cha askari 100 hivi hatua kwa hatua. Kanuni zake za 1779 zilimtaka kapteni awatendee askari wake utu hadi wampende, na amjue kila mmoja kwa jina na tabia. Ofisa asiyeonekana kambini angetimizaje hilo?

Vilevile, maasi ya askari wa Pennsylvania ya Januari 1781 yasiendelee kufundishwa kama utovu wa nidhamu tu. Walidai mishahara yao, na waliomaliza miaka mitatu ya mkataba wao walidai waachiwe waende nyumbani.