Mashahidi wa 1968 Bado Wapo

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walitawanyika vijijini kusini mwa Tanzania kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu Wajerumani wamnyonge mganga wa vita hivyo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, pale Mohoro, Agosti 1905. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita ile, kwa upande wa waliopigana, yalitoka vinywani mwa wazee hao. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Mwaka huohuo wa 1968 Mto Rufiji ulifurika vibaya, na serikali ikaanza kuwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa mwinukoni. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anakaribia sabini. Ni zamu yetu kushika daftari.

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915 imeandikiwa vitabu. Mwindaji Mwingereza Selous, aliyeuawa Behobeho mwaka 1917, ana hifadhi iliyopewa jina lake. Mkulima wa bondeni hajulikani hivyo, naye ndiye aliyeujua mto kuliko wote. Mafuriko kwake yalikuwa msimu. Mpunga ulikua maji yakipanda. Yakishuka, udongo ukingali na unyevu, alipanda mlau: mahindi, kunde, pamba. Alikaa kwenye dungu juu ya nguzo, ngazi ikishuka hadi ulipofungwa mtumbwi, na humohumo familia ilipika, ililala na kulinda shamba, mchana dhidi ya ndege, usiku dhidi ya nguruwe na viboko. Hata baada ya kuhamishwa, wengi walirudi madunguni kila msimu wa kilimo, kwa kuwa rutuba ilibaki kule chini.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu hizi ina haraka. Desemba 2022 maji yalianza kujazwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere katika mto huu, na mwendo wa mto hauwezi kubaki ule wa zamani. Aprili 2024 maji yaliingia tena majumbani na mashambani, Rufiji na Kibiti, na wito wa kuhamia mwinukoni ukasikika upya. Wapangaji wana ramani na vipimo. Wanahitaji pia kumsikia aliyehamishwa mara ya kwanza: alipewa nini, alipoteza nini, na kwa nini alirudi.

Kwa hiyo toleo hili tumewapa watu wa bondeni, na tunakuomba msomaji uliongezee. Kama bibi au babu yako alihama, kaa naye. Muulize kijiji chao cha zamani kiliitwaje, kilikuwa ng'ambo ipi ya mto, shamba lilipakana na la nani, maji ya mwaka 1968 yalifika wapi. Andika kwa maneno yake, Kirufiji kikiwemo, utuletee hata ukurasa mmoja.